Maharage ya Jumanne

Jumanne ni maharage. Hilo halina mjadala.
Nimeyaloweka jana usiku niliporudi gereji,
katika sufuria ya bluu iliyopoteza mkono mmoja,
na asubuhi yamevimba mpaka ukingoni,
ngozi zimekunjamana
kama vidole vya mtoto aliyekataa kutoka majini.

Kutaisi kuna theluji leo, ile ya Machi, isiyokaa.
Ni Kwaresima, nyama hatuli,
na mimi, nikisema kweli, naishukuru Kwaresima:
hakuna jirani anayeuliza kama tumefunga
au tumefulia.

Kwanza (Eteri aliniambia kwa simu, kutoka Thesaloniki,
akinong'ona, bibi anayemtunza akiwa amelala),
kwanza mwaga maji ya jana. Weka mapya.
Moto mdogo. Usikoroge koroge kama mtu aliyepoteza funguo.
"Maharage hayataki ufundi, Zaza. Yanataka mtu awepo."
Akanyamaza baada ya kusema hivyo.
Nami nikajifanya mtandao umekatika.

Wiki ya kwanza niliyaunguza. Tukala mkate na jemu ya tini.
Vakho akasema sijawahi kupika vizuri kama siku ile.
Hakuwa anatania.

Sasa najua. Kitunguu nakikata mapema, macho hayajachoka,
nakikaanga mpaka kishike rangi ya chai nyepesi.
Saumu punje tatu. Pilipili kavu, nusu, kwa ajili ya mdogo.
Kisha mbegu za giligilani kinuni, na hapo
nyumba nzima inageuza shingo.
Tekla anaacha hesabu zake, anasimama mlangoni,
hasemi ana njaa. Ana miaka tisa; ameanza kuficha.
Nampa kazi ya jozi.

Jozi moja, mwanangu, huivunji kwa kiganja,
hata uwe fundi wa matairi kama baba yako.
Chukua mbili. Zibane pamoja. Moja itakubali.
Anabana, anauma mdomo, uso unaiva, kah!
Halafu anataka kujua kwa nini imevunjika ile,
kwa nini hii nyingine imebaki nzima.
Sijui. Twanga, namwambia.
Twanga mpaka mafuta yatoke.

Mwiko nao una kazi: ponda maharage kiasi
kwenye ukuta wa sufuria, mengine yaache yalivyo,
mchuzi uwe mzito lakini jino lipate cha kukutana nacho.
Tia jozi. Tia tone la siki.

Mkate ni unga wa mahindi, chumvi, maji ya moto, basi.
Wala yai wala hamira.
Naupiga viganjani, naulaza kwenye kikaango cha chuma
cha mama mkwe, kizito kama mama mkwe,
naufunika.
Vakho amebonyeza kidole chake katikati ya wake
asije akaibiwa.

Saa moja na nusu simu inalia.
Haulizi shule, haulizi pesa zimefika.
Anasema, niweke karibu na sufuria.
Naiegemeza kwenye kopo la chumvi.
Tunanyamaza sote wanne,
na maharage yanatokota, tok, tok, tok,
kama mzee anayezungumza peke yake chumba cha pili.
Mara:
"Kotmiri umeweka?"

Sijaweka.
"Nimeweka," nasema, huku nikimkonyeza Vakho,
naye mbio, mguu mmoja na soksi mmoja bila,
hadi roshani, kwenye kopo la rangi alimopanda mama yake,
anapangusa theluji, anachuma,
anarudi na majani matatu.
Matatu!

"Nasikia mlango wa roshani," anasema Eteri.
"Ufungeni. Baridi inaingia."